Sauti Nyuma ya Mume Wangu

Jumapili, 4 Februari

Mume wangu kapiga! Sauti safi, utadhani yuko jikoni. Bosi wake kakubali — niende mimi na binti yetu Chiriku, tukaishi naye huko. Miaka mitatu nimekumbatia mto! Tiketi juu ya bosi, makaratasi juu ya bosi. Kilichobaki kwangu ni mtihani wa Kiingereza: sarufi, msamiati, kusoma kifungu na kujibu maswali. Wakala aliyempeleka yeye ndiye atanionyesha pa kuufanyia.

Mama mkwe kapiga vigelegele mpaka jirani kaja kuuliza nani kaolewa. Chiriku karuka kitandani. Ana miaka kumi na miwili na bado anaruka kitandani! Baba yake hakukosea kumpa jina la ndege.

Kitu kimoja tu. Akiwa anaongea, mwanamume alisema neno nyuma yake. Kizungu. Nililisikia kama "kipichoti". Nikauliza nani huyo. Jamaa wa chumbani, kasema. Akaaga haraka.

Kipichoti. Nimeliandika nisilisahau. Litakuwa neno langu la kwanza.

Alhamisi, 8 Februari

Darasa la jioni limeanza. Shule ya msingi, madawati ya watoto, magoti yanagonga meza. Mwalimu wetu tunamwita Mama Simu — alikuwa opareta wa mitambo ya simu mpaka akastaafu. Akisikiliza hufumba macho, kama bado ana vile vidude masikioni.

Fundi friji kaulizwa kwa Kiingereza anafanya kazi gani, akajibu yeye ni friji. Mama Simu: basi funga mlango, usitupotezee baridi. Tumecheka mpaka machozi!

Mwishoni nikamuuliza kipichoti. Kumbe si neno moja, ni matatu: "keep it short". Maana yake: fupisha maneno.

Bando hilo, nimejiambia. Jamaa anamhurumia bando.

Lakini mtu mzima anaongea na mkewe, nani wa kumwambia afupishe?

Jumapili, 11 Februari

Nimelia. Naona haya kuandika, lakini nimelia.

Wiki nzima kazini bekari, nikipanga mikate kwenye trei, nilikuwa narudia salamu. Wenzangu wa mezani wameshanichoka. Leo alipopiga nikamkaribisha kwa Kiingereza — hujambo mume wangu, habari ya kazi. Akajibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia: usinichezee Kiingereza kwenye simu, hujui kitu. Umesikia? Hujui kitu.

Huyu ni mtu aliyenifundisha baiskeli, nikaanguka, akaanguka nami makusudi ili nisichekwe peke yangu.

Halafu akauliza Chiriku ana urefu gani sasa. Nikasema ananifika begani. Akanyamaza, kama anayesubiri kuambiwa aulize nini kingine. Anaumwaumwa? Haumwi. Vizuri.

Mama mkwe anasema ni uchovu. Kazi ya ghala si mchezo, mwanangu.

Jumatano, 14 Februari

Kifungu cha leo: mtu anamwandikia dada yake barua kuhusu kuhama nyumba. Maswali matano, nimekosa matatu. Mama Simu kasema mnahangaika na maneno makubwa, jibu halijifichi kwenye neno kubwa, linajificha kwenye neno dogo. Akaandika ubaoni "not until". Mama hatapika hadi baba arudi. Asiporudi? Hakuna chakula! Kwa hiyo hilo neno dogo ni kufuli, kasema.

Tumefanya sentensi kumi. Kumi zote nimepata. Nimerudi nyumbani natembea kama mwenye cheo.

Jumapili, 18 Februari

Niandike kwa mpangilio.

Leo kapiga kwa video, mara ya kwanza tangu aondoke. Nyuma yake ukuta mweupe, hamna hata msumari. Amekonda. Shati limefungwa mpaka kooni. Mkono wa kushoto haukuonekana hata mara moja. Chiriku akamwonyesha jino lililong'oka — la mwisho la utoto! — akatabasamu kidogo, basi.

Chiriku alipotoka, yule mwanamume akauliza kitu. Polepole, kwa utulivu, kama mtu anayeuliza saa. Nikaelewa! Sentensi nzima! Nikafurahi kama mjinga. Aliuliza, ana miaka mingapi. Mume wangu akajibu, kumi na miwili.

Tena nikajipongeza kwa kumkamata kosa. Maana hakusema "she". Alisema "it". Mama Simu katukaririsha kabisa: Kiswahili "yeye" ni mmoja tu, lakini kwao mwanamume ana lake, mwanamke ana lake, na "it" ni la vitu na wanyama. Nikasema moyoni, ona, hata wenyewe wanakosea!

Nilikuwa naosha vyombo baadaye ndipo sahani ikanitoka.

Hakukosea.

Jumatatu, 19 Februari

Nimemwambia shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, maana yeye ndiye anayewasiliana na wakala. Kacheka. Shemeji, Kiingereza cha wiki mbili kimeshakufanya jasusi? Labda walikuwa wanaongelea simu, ina miaka mingapi.

Simu ya miaka kumi na miwili!

Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na yeye mwenyewe yuko kwenye foleni ya kwenda, nisije nikawaharibia wote.

Jumapili, 25 Februari

Nimemwomba Mama Simu aje kusikiliza. Nilimweka pembeni, simu isimwone. Kafumba macho.

Mume wangu alikuwa na furaha ya kubandikwa. Mtapenda huku, kuna bustani, Chiriku atasoma. Halafu akageuza uso akauliza kitu kwa Kiingereza, chini chini. Nikadaka nusu: mimi, kwenda, baadaye. Yule mtu akajibu; nikadaka neno moja tu, msichana, na mbele yake lile neno dogo, "not until". Kufuli.

Simu ilipokatika Mama Simu aliomba maji. Alikunywa yote. Kisha akasema, mwanangu, miaka thelathini nimeunganisha simu, nimesikia watu wakifiwa, wakiachwa, wakitapeliwa. Mumeo ameuliza, nikiwaleta naweza kuondoka? Kaambiwa, hapana, mpaka msichana awe hapa.

Nikauliza, na mimi je? Akasema, wewe hukutajwa.

Baadaye akaniuliza yale maneno ya mume wangu, "hujui kitu", aliyasema vipi. Nikayarudia. Akasema, huyo hakukutukana. Alikuwa anawaambia wao. Na wewe alikuwa anakupa kazi: usijue kitu.

Laiti ningejua siku ile nisingelia.

Jumanne, 27 Februari

Polisi. Nimekwenda na Mama Simu. Afisa wa zamu anakula karanga. Mumeo kalalamika? Hapana. Kaomba msaada? Hapana. Wewe umetishwa? Hapana. Sasa mama, tufungue jalada la nini? La sarufi?

Kaandika jina langu kwenye kipande cha gazeti. Nimekiona, ni kile alichofungia karanga.

Jumamosi, 2 Machi

Tumekata shauri, mimi na Mama Simu. Nitafeli.

Nikikataa kwenda, watajua nimejua, na mume wangu yuko mikononi mwao. Nikifeli, hakuna wa kulaumiwa ila kichwa changu kigumu. Watasema arudie. Huko kurudia kutatupa muda wa kumpata mtu wa kusikiliza — Mama Simu ana mwenzake wa zamani aliyehamia wizarani, anamtafuta.

Kwa hiyo sasa nasoma kwa bidii ili nijue pa kukosea! Nani alishaona?

Mama mkwe sijamwambia. Amenunua sanduku la nguo, la bluu, lina magurudumu. Analivuta sebuleni, anacheka peke yake.

Jumamosi, 9 Machi

Mtihani. Si shule, ni ukumbi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ngazi zimejaa vumbi la saruji. Tulikuwa wanawake saba. Nimeangalia vizuri: kila mmoja ana binti. Yule wa mbele yangu kaja na wake, kamkalisha kwenye ngazi na biskuti.

Karatasi ilikuwa nyepesi. Nimeijua yote! Kifungu kuhusu mkulima na kisima, maswali ya kitoto. Nikakosea kila swali, moja baada ya jingine, kwa mwandiko mzuri. Kisima kilichimbwa na nani? Na mbuzi. Nimeandika hivyo. Nimeona uchungu kama ninayemwaga unga mzuri mtaroni.

Msimamizi hakutusimamia. Alikuwa anasinzia na kijiti mdomoni.

Jumapili, 17 Machi

Hakuwa amepiga wiki tatu. Leo kapiga, sauti tu. Mama mkwe kang'ang'ania aongee naye kwanza, nikaweka spika.

Mama, umeamka salama? Salama mwanangu, na wewe je. Mimi mzima. Halafu: mama, nisalimie baba. Mwambie nitamwona karibuni.

Ikakatika.

Baba mkwe tumemzika Chiriku hajazaliwa.

Mama mkwe kabaki na simu mkononi. Nikamwambia basi mama, nipe. Hakunipa. Akasema, labda kachanganyikiwa, jua la huko. Halafu akasema, mwanangu hajawahi kuchanganyikiwa. Halafu akalichukua lile sanduku la bluu akalisukumia chini ya kitanda, na hajalitaja tena.

Nikamweleza yote. Alikuwa anatazama sakafu, anaitikia mm, mm, kama mtu anayeelekezwa njia.

Ijumaa, 22 Machi

Nimefaulu.

Shemeji kaja mbio na karatasi, ina mhuri, ina jina langu. Alama za juu! Kanikumbatia. Nikaisoma mara mbili tatu. Kusoma na kuelewa — nimepata zote.

Na mbuzi aliyechimba kisima!

Nimekimbia kwa Mama Simu na ndala mguu mmoja. Kaisoma, kaikunja, kanirudishia. Akasema, hakuna aliyesahihisha. Sasa mtihani wa nini basi, nikauliza, mbona wametuhangaisha hivi? Akasema, mtu anayehangaikia mtihani haulizi maswali mengine.

Wakala atakuja Jumapili kutuchukua mimi na Chiriku, eti kupiga picha na kupima afya. Yule mtu wa wizarani kapatikana, kamwambia Mama Simu aje Jumatatu.

Jumatatu!

Jumapili, 24 Machi

Wako sebuleni. Naandika ili kama mtu atakuja kutafuta, akute.

Chiriku hayupo. Katoka asubuhi na Mama Simu, kavaa sare ya shule na leo ni Jumapili, hakuniuliza hata kidogo. Wako wapi, sitaandika hata humu.

Wakala kaja mapema kuliko tulivyoelewana. Yeye, shemeji na dereva. Dereva kabaki kwenye gari, injini inanguruma. Wakala kapiga simu ya video, kaiweka mezani, spika. Mume wangu: Mama Chiriku, mlete mtoto nimwone. Anasoma, haongei — naijua sauti yake akisoma. Nikasema anaoga. Wakala akatabasamu, tutasubiri. Nikaja huku chumbani, eti kumtolea nguo.

Shemeji kachungulia bafuni. Nimemsikia akifungua. Wakala hajamwambia. Amesimama tu kwenye korido, mweupe kama unga, ananitazama. Nadhani ndiyo kwanza anaelewa.

Mama mkwe kaingia, kafunga mlango. Mjukuu wangu yuko wapi? Hayupo, mama. Yuko salama? Yuko salama.

Akakaa kitandani.

Basi watamfanya nini mwanangu?

Nimemshika mkono, ulikuwa baridi. Nikasema nisamehe, mama. Akasema nyamaza, usiniombe msamaha kwa mtoto wako, hata mimi ningefanya hivyo, sasa hivi nafanya.

Akajifunga kitambaa cha kichwa upya. Akauliza, yule mtu wa nyuma anasikia Kiswahili? Nikasema sidhani, lazima kuna anayemtafsiria.

"Kwa Kizungu, mwanangu wanasemaje?"

Nikamwambia.

"Na mrudishe?"

Nikamwambia. Karudia mara tatu kwa kunong'ona, midomo inagongana, mimi namsahihisha. Mimi! Namsahihisha matamshi! Akasema inatosha, atanielewa, hata mnyama hujua mama anapoita.

Ametoka.

Namsikia anavuta kiti. Shemeji anasema mama, kaa, mama tafadhali. Hakai. Wakala anacheka kidogo. "Mai sani," anaiambia simu. "Mai sani. Bringi himu baki."

Anarudia. Kwa nguvu zaidi. Sauti haitetemeki hata chembe. Mume wangu anaanza kulia, nasikia, analia kama mtoto, na mtu anamwambia kitu, na mama mkwe anarudia juu ya kilio hicho —

Wakala hacheki tena. Kauliza, nani kamfundisha?

Nje dereva kazima injini. Mlango wa gari —