Waliothibitishwa Kazini

Zahanati ya Chihembe,
6 Februari 1994

Mpendwa wifi Evelina,

Mbukwa, kwa salamu yetu ya Kigogo. Watoto wa kaka yako hawajambo, nami sijambo isipokuwa mgongo, na huo nao nisipoutaja utakasirika. Ruthu anakusalimu sana. Thomas anauliza kama shangazi bado ana ile mashine ya chapa inayolia. Ninyi huko mjini hali zenu?

Wifi, tumesikia chama cha wafanyakazi kinakaa na Mkurugenzi mwezi ujao kuzungumzia mishahara, na kwamba wewe ni mjumbe. Nilicheka peke yangu. Yule Evelina aliyekuwa akijificha nyuma ya mlango wageni wakija, leo anakaa meza moja na Mkurugenzi wa Halmashauri! Basi wenzangu wa zahanati za huku wamenituma, kwa kuwa wanajua wewe ni dada wa marehemu mume wangu. Mshahara semeni wenyewe, sukari imepanda mara ngapi na sisi tuko palepale. Mimi nakutuma glovu. Nazalisha akina mama kwa mikono mitupu, au navaa mifuko ya nailoni niliyoiosha. Siku hizi watu wanakufa kwa ugonjwa tunaoujua na hatuutaji, na hawa watoto wawili wamebakiwa na mimi tu. Liandike hilo kwanza. Mafuta ya taa na mabati ya paa yafuate nyuma.

Nikijua wewe uko mle ndani, nitalala usingizi.

Wifi yako,
Elieth

Dodoma,
19 Machi 1994

Wifi yangu Elieth,

Salamu tele kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii. Barua yako niliipata kwa mkono wa dereva wa chanjo. Huo mgongo ukande kwa maji ya moto, usiuchekee.

Tumekaa siku tatu. Upande wao walikuwa na soda, sisi maji ya bomba. Wanasema Serikali imebanwa na wafadhili ipunguze watumishi, kwa hiyo nyongeza haitoki mpaka baadhi ya watu waondoke. Katibu wetu Charles aligonga meza mpaka kalamu zikaanguka, lakini hawakutikisika. Siku ya tatu nikaona tutarudi mikono mitupu, nikanyoosha mkono. Nikasema, kama lazima watu wapungue, basi aliyethibitishwa kazini asiguswe, waanze na vibarua na wale wa muda. Chumba kizima kikanigeukia. Mkurugenzi akasema hilo linazungumzika, ila naye akaongeza lake: mwenye kosa kwenye faili asilindwe. Tukakubaliana. Ni kifungu cha nne, nimekipiga chapa mwenyewe. Wakati nasema nilikuwa nakufikiria wewe, wifi. Glovu ziko kifungu cha tisa.

Watapita kuhakiki barua za kuthibitishwa. Yako itoe sandukuni uiweke karibu. Mimi kwa upande wangu sina hofu, faili langu ni safi tangu nianze kazi.

Wabusu wanangu.

Wifi yako,
Evelina

Zahanati ya Chihembe,
10 Aprili 1994

Mpendwa wifi,

Tu wazima, mvua imetunyea vizuri na imeingia ndani vizuri pia, maana paa ni lilelile. Hongera kwa ujasiri. Nimewasomea wenzangu barua yako, wamepiga makofi.

Ila hiyo barua ya kuthibitishwa sina. Nimemwaga sanduku lote. Kuna cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha Fabian, kadi ya chama na kadi za kliniki za watoto, basi. Ndipo nikakumbuka. Juni ya mwaka themanini na tisa Bwana Raphael, yule Afisa Utumishi, alikuja kunikagua hapa. Aliangalia vitabu, akaangalia chumba cha kuzalishia, akasema, "Mama, kazi yako nimeipenda, barua yako ya kuthibitishwa inakuja." Haikuja. Julai kaka yako akafa, na mimi nani angenikumbusha barua. Nimefanya kazi miaka saba, chama kinanikata kila mwezi, na hakijawahi kuniuliza kama nimethibitishwa.

Wewe unakaa na makabati ya mafaili. Nitafutie nakala. Nikiondolewa hapa, nyumba ya zahanati inaondoka nami, na shule ya hawa watoto ndiyo imekwisha. Lakini sina wasiwasi sana, kwa sababu anayetafuta ni wewe.

Wifi yako,
Elieth

Dodoma,
2 Juni 1994

Wifi,

Natumaini hamjambo. Huku tuna mafua tu. Pole kwa kungoja.

Nimelitazama faili lako, barua haimo. Masijala ilihamishwa chumba mwaka tisini na moja, karatasi nyingi zililowa. Usihangaike sana, huenda wahakiki wasifike huko kwenu. Mkataba umesainiwa tarehe 27 Mei na nyongeza inaanza Julai. Glovu zimepita.

Nimempa dereva kanga pea moja, sukari kilo tano na viatu vya Ruthu. Kama vinambana, avivae na soksi nyepesi kwanza.

Usipoteze nauli kuja mjini. Watu wamejaa kwenye veranda ya ofisi tangu asubuhi na hakuna anayesikilizwa.

Wifi yako,
Evelina

Chihembe,
28 Agosti 1994

Evelina,

Salamu. Watoto hawajambo.

Orodha ya wanaopunguzwa imebandikwa ofisi ya kata. Mimi ni wa kumi na saba: "Hajathibitishwa, kifungu cha nne." Natakiwa kuhama nyumba kabla ya mwisho wa Oktoba. Nilisimama pale nikaisoma mara tatu, na watu wananipa pole kama nimefiwa tena.

Sikukaa kulia. Nilipanda lori la mahindi mpaka Msalato, nikamtafuta Bwana Raphael anakoishi tangu astaafu. Miguu imemvimba lakini kichwa ni kizima. Nilipotaja jina langu akanitazama sana.

"Barua yako niliandika kwa mkono wangu," akasema. "Nikampa wifi yako aipige chapa. Nikamwambia, anza na hii, ni ya ndugu yako."

"Una hakika alikuwa yeye?"

"Mama, mle ndani mpiga chapa mwenye wifi Chihembe alikuwa mmoja. Wiki iliyofuata nikahamishwa, nikajua imeshatoka."

Njia nzima ya kurudi, juu ya magunia, nilikuwa nakutetea. Nikasema mzee amechanganya watu. Kisha nikakumbuka sukari. Tangu Fabian afe hujawahi kunitumia zaidi ya kilo moja.

Rufaa inafungwa tarehe 30 Septemba. Mzee yuko tayari kutoa ushahidi, lakini wanataka ile karatasi aliyoandika, yenye tarehe na mkono wake. Kama unayo, ilete. Kama huna, niandikie neno moja tu, huna, nami nitakuamini.

Wifi yako,
Elieth

Dodoma,
14 Novemba 1994

Wifi yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikakwama kwenye salamu. Sijui nikuulize hali gani wakati hali yako naijua. Hata hivyo nakusalimu, na watoto.

Bwana Raphael hakuchanganya. Alinipa ile karatasi Ijumaa, Julai 14, mwaka themanini na tisa. Niliiweka kwenye trei nikamalizia stensili iliyokuwa kwenye mashine. Hata haijaisha, simu ikaja kwamba Fabian amefariki. Unajua nilivyotoka, kiatu kimoja nilikiacha chini ya meza. Niliporudi baada ya matanga trei ilikuwa imesafishwa, na mimi nilikuwa nimesahau kila kitu.

Barua yako ya Aprili ilipofika nilifungua droo ya chini ya ile meza ya zamani. Ilikuwemo, pini imeshika kutu. Nilitaka kukimbia nayo kwa Afisa Utumishi. Nikafika mlangoni nikakumbuka kwamba kuchelewesha hati ya mtumishi ni kosa, linaandikwa kwenye faili, na mwenye kosa halindwi. Nikasema nitaitoa kesho. Kesho yake wakaanza kusoma mafaili yetu ya masijala, na nina watoto watatu na mume asiye na kazi. Ndivyo siku zilivyopita. Nilikuandikia kwamba barua haimo kwenye faili, na kwenye faili kweli haikuwemo.

Barua yako ya Agosti niliisoma nimesimama. Tarehe 30 Septemba nilikuwa nayo ile karatasi mkobani, nikakaa nayo mpaka saa tisa na nusu ofisi ikafungwa.

Sasa nimeipiga chapa. Naiambatanisha hapa pamoja na ile ya mkono. Afisa mpya anasema dirisha la rufaa limefungwa, hawezi kuisaini.

Ruthu akifaulu darasa la saba, mlete kwangu. Nitamsomesha mimi, nitamfundisha na chapa. Nakuomba wifi, unijibu hata kwa matusi.

Wifi yako,
Evelina

Chihembe,
22 Januari 1995

Kwa Evelina,

Aliyekuletea barua hii ni Ruthu. Ni mzima, ana kikohozi kidogo cha vumbi la njiani. Hajui kitu.

Matusi sina. Ile ya kusahau nimekusamehe, sikuwekei kinyongo. Ulikuwa unamlilia kaka yako, na mimi namlilia mume wangu, tulilala mkeka mmoja siku zote za matanga. Hata mimi ningesahau. Lakini Aprili hakuna aliyekufa, Evelina. Ulikuwa na akili zako, ukaiangalia ile karatasi yenye jina langu, ukafunga droo.

Glovu mlizopigania zimefika, katoni tatu. Ziko stoo ya zahanati, na zahanati imefungwa kwa sababu haina mhudumu. Akina mama wananifuata kwenye chumba nilichopanga nyuma ya mashine ya kusaga, nami siwezi kuwafukuza. Nawapokea kwa mikono ileile.

Barua uliyopiga chapa nimeisoma. Umeipiga vizuri, haina kosa hata moja. Nakurudishia, huku sina wa kumwonyesha.

Ruthu amefaulu, amechaguliwa shule ya kutwa ya hapo mjini. Ada sina, na pa kumweka mjini sina isipokuwa kwako. Nimekaa wiki mbili nikitafuta njia nyingine nikaikosa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kazi yenyewe. Namleta kwa kuwa ni damu ya kaka yako. Thomas anabaki nami. Haya mambo usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Viatu ulivyomnunulia havimtoshi tena, amekuja na ndala.

Mwalimu aliwauliza wanataka kuwa nani wakikua. Akasema mpiga chapa, kama shangazi. Sikumkataza. Mfundishe. Ni mtoto mwoga, akivunja kikombe anakuwa kimya siku nzima. Siku akikosea kitu kikubwa na kuogopa kusema, atakuja kukuuliza wewe afanyeje. Sijui utamjibu nini.

Mama Ruthu