Nyoka Uliyemwambia Sahra Hana Sumu

Mwalimu Mutua,

Wasalimie walimu wote huko Wajir, ila wewe subiri kwanza nikugombeze.

Jana asubuhi, hapa Malindi, mawimbi yalitupa nyoka mchangani, mwenye mgongo mweusi, tumbo la manjano na mkia bapa kama mwiko wa ugali. Unamjua binti yangu: nyumbani havai kiatu bila kukikung'uta, kwa kuogopa nge. Basi huyo huyo Sahra aliinama amwokote kwa mkono! Mvuvi mmoja akamvuta nyuma kwa nguvu mpaka akaanguka. Mimi napiga kelele, yeye ananishangaa mama yake: "Hooyo, mama, huyu ni wa maji. Mwalimu Mutua alisema nyoka wa maji hana sumu."

Wallahi, ungekuwa karibu ningekupiga na kiatu.

Labda wa mto wenu huko Ukambani hana. Huyu, mvuvi alituambia, anaishi mbali kwenye bahari kuu, akielea juu juu. Akitupwa ufuoni hawezi hata kutambaa, lakini kuuma anaweza, na sumu yake inaua. Watoto wa hapa wanalijua hilo tangu wadogo. Wetu wanajua unachowaambia wewe.

Jumatatu uliandike ubaoni, kwa herufi kubwa.

Madafu ya huku ni matamu. Nitakuletea mawili, ingawa hustahili. Sahra anakusalimu sana. Mpaka sasa anashikilia kwamba aliyekosea ni yule mvuvi.

Mama Sahra