Pumzi ya Mwanaidi

Jumatatu, 3 Juni. Miyuji.
Miaka arobaini na moja tangu nitoke Kondoa. Mjukuu wangu Mwanaidi kalala mchana kwa kukaa, mgongo ukutani, kama kawaida yake. Akilala chali ulimi unaziba koo. Hukoroma, kisha kimya. Nyumba nzima husimama mpaka pumzi irudi. Leo alifumbua jicho moja: "Babu, usiniangalie hivyo. Sijafa."

Jumatano, 5 Juni.
Hospitali. Ugonjwa wa kurithi, nadra. Ulimi mnene, shingo fupi, taya halifunguki vizuri. Mwanangu alioa binti wa mjomba wake. Kwetu hiyo ndiyo ndoa ya heshima. Mtoto ana ngiri pia, na upasuaji wake hauwezi kusubiri. Daktari wa usingizi, binti mdogo, alinipa shikamoo, akasema: "Kumlaza ni rahisi, babu. Akilala kabla mpira wa kupumulia haujapita kooni, naweza nisiipate pumzi yake tena."
Naogopa.

Alhamisi, 6 Juni.
Kwenye kitanda cha dirishani kuna mtoto wa Kibakwe. Uso ni ule ule wa Mwanaidi: paji, pua, midomo. Hatuna undugu nao. Mama yake alimtazama Mwanaidi, akavuta pazia. Watoto wakakoroma pamoja. Wakanyamaza pamoja. Nikatoka nje.
Uso huo alikuwa nao dada yangu Halima. Alikufa mdogo. Walisema alibadilishwa na majini. Sikuwahi kuelezwa zaidi.

Ijumaa, 7 Juni.
Amevuka. Walipitisha kamera nyembamba puani huku akipumua mwenyewe, mpaka mpira ukaingia, ndipo wakamlaza na kumpasua. Daktari alitoka kalowa jasho. "Asilazwe chali, babu. Hata kidogo."

Jumamosi, 8 Juni.
Dada yangu Zuhura alifika kutoka Kondoa. Mama yake Mwanaidi alikuwa amefuata dawa, mimi nimekwenda kuswali. Niliporudi, kitanda kimya. Zuhura alikuwa amemnyoosha chali na kumfunika shuka hadi kidevuni, kama mgonjwa anavyotunzwa kwetu.
"Taratibu, kaka. Kalala vizuri, hata hakoromi."
Nilimwinua. Midomo ilikuwa ya kijivu. Nesi akaja mbio. Pumzi ilirudi kwa mlio ambao sitausahau.
Zuhura alikaa chini sakafuni. "Mama naye alimnyoosha Halima hivi hivi," alisema. "Tukafurahi kapata usingizi."

Jumanne, 11 Juni. Miyuji.
Zuhura kaondoka. Nyumba ya mama kule Kondoa imepakwa chokaa, chumba changu kiko tayari. Nilikuwa nihamie mwaka huu. Lakini huko hakuna daktari wa koo kama hili, na mtu wa kumsikiliza mtoto akilala anatakiwa hapa. Mwanaidi anakoroma. Kondoa sitarudi.