Saruji Juu ya Matofali ya Kioo

Baba Pacha, na hao pacha wako,

Nimeenda kazini. Chakula cha mchana ~~jipikieni~~ kiko kwenye sufuria kubwa. Mpakulieni Bibi kwanza.

Leo hatoki mtu mpaka ukuta wa bafu usafishwe. Jana fundi alipomaliza kupanga yale matofali ya kioo aliwaambia, nami nasikia: yafuteni kwa sponji kabla saruji iliyoyapaka haijakauka. Mkaitikia "ndiyo, fundi" kama kwaya, kisha mkaenda zenu mpirani. Haya, imekauka. Tuna ukuta wa kioo usiopitisha hata mwanga wa mchana.

Asubuhi umeme umekatika tena. Bibi akaingia kuoga na taulo jipya alilolitunzia siku hii, maana ukuta wenyewe tumeujenga kwa ajili yake, tangu alipoteleza gizani. Akatoka polepole, akaniambia, "Ukuta mzuri, mwanangu. Naomba tochi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndoo, matambara na vijiti viko mlangoni. Lowesheni, kisha mkwangue taratibu. Msiguse waya wa kusugulia masufuria, utakwaruza kioo. Na msinianzie habari za kumwita fundi. Yeye kazi yake aliimaliza.

Tofali moja nimelisugua mwenyewe kabla sijatoka, lile la usawa wa kiti cha kuogea cha Bibi. Alipoliona akaizima tochi, akanirudishia.

Yamebaki thelathini na tano.

Mama Pacha