Mgeni Rasmi wa Albamu ya Shemeji

Dada Mariamu, shikamoo.

Mwanao Baraka sasa hivi kapuliza saksafoni ya shemeji, mume wa wifi, kuku wote wametoka mbio jikoni. Jana hapa Mungaa bendi ya shemeji imezindua albamu yao ya jazi, ya kumlilia Mungu na kuwasema wakubwa kwa pampu yetu ya maji iliyokufa. Inaimbwa mpaka mwili unasisimka, dada! Na mgeni rasmi wakamwita nani? Diwani huyo huyo anayesemwa! Akainuka na suti yake, akacheza kwa madaha, mara kibwagizo kikamuuliza, "Baba, pampu yetu uliila na ugali?" Akataka kukaa. Kina mama wakamzuia, "Mheshimiwa, mgeni rasmi hakai wimbo haujaisha!" Shemeji akafumba macho kama anasali, akaurudia tena na tena. Jasho likamtoka mzee wa watu, mwisho akaomba kipaza sauti, akaapa fundi atakuja asubuhi. Nilicheka, ila moyoni nikasema amina. Na fundi kaja kweli, tangu alfajiri anagonga. Ngoja, wifi anapiga kelele kutoka pampuni, "Mama Baraka, lete ndoo, yanatoka!" Basi dada, Mungu akutunze, na watoto waambie mama yao mdogo anawasalimu. Nakimbia na ndoo!