Gemu ya Maneno ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza! Ni miezi mitano tangu Baba apigwe na kiharusi, na maneno yamemkimbia. Mtu aliyefundisha hesabu hapa Salelologa miaka thelathini! Sasa kila kitu ni "kile, kile". Jina la mtu hata moja halimtoki. Nataka kumtengenezea gemu: picha itokee, achague neno lake. Iwe ya kukaa ndani ya kompyuta — huku kisiwani Savai'i mtandao una siku zake.

Leo nimepakua kihariri cha kuandikia msimbo, yale maagizo ya kompyuta. Masaa matatu mazima.

Jumatano, 5 Machi

Kihariri kinafunguka vizuri, rangi zake nimezipenda. Nikibonyeza "endesha" — maandishi mekundu. Eti hakiioni programu ya kugeuza msimbo uwe gemu. Na nimeiweka mwenyewe! Mama kachungulia, kauliza mbona naitukana mashine. Nikamwambia imeninunia.

"Basi iache inune, mwanangu. Njoo umenye magimbi."

Alhamisi, 6 Machi

Bado.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia kaka Ropati, yuko Auckland, kazi yake ndiyo hii. Kacheka hadi nikataka kumkatia simu. Kumbe programu ipo, ila kihariri sikukionyesha folda ilimo. Mstari mmoja tu! Nikauandika, nikabonyeza. Dirisha dogo jeusi likafunguka, tupu kabisa. Nimekaa nikilitazama kama mtu anayemtazama mtoto mchanga.

Jumamosi, 15 Machi

Picha kumi zimeingia. Herufi nimezikuza, jicho lake la kulia ni zito. Nikamketisha Baba, mkono wa kushoto kwenye kibodi. Gimbi — kapatia! Mtumbwi — kakosea, kasonya. Kisha akatokea nguruwe. Baba kamkodolea macho, kainua uso, midomo ikatetemeka. Akasema, wazi kabisa: "Sulami."

Jina la Mama! La kwanza tangu Oktoba!

Mama alikuwa mlangoni na sufuria. Akamgeukia Baba. "Fonoti! Nguruwe ndiye mimi?"

Anacheka huku machozi yanamtiririka. Baba anatikisa kichwa, hapana, hapana, anamnyooshea kidole yeye, si skrini. Nami naandika hapa hapa, nisije nikasahau walivyokaa. Mama ameweka sufuria sakafuni, amevuta kiti, amemshika ule mkono wa kulia usio na nguvu.

"Sema tena," anamwambia. "Taratibu. Sina haraka mimi."

Baba amefumba macho. Midomo inatafuta —