Zaina Ameniuliza Kuhusu Kisu

Mama Zaina,

Natumaini huko wamekupa kiti kipana, maana hapa Buyenzi ulivunja viwili vya plastiki ukasema kosa ni la aliyevitengeneza. Mi nipo. Meno yamebaki ya kuonyesha tu. Kitanda nalala upande wangu, wako siugusi.

Sasa nisikilize, nimekwama. Binti yako anataka kupasuliwa tumbo apungue mwili. Si urembo, apana. Sukari iliyokuondoa wewe imempata yeye, magoti yamekataa ngazi za kazini, na akilala anakoroma halafu ananyamaza kabisa, mume wake anamtikisa ndiyo apumue.

Jumatatu nilimsindikiza kwa daktari. Kijana mpole. Akachora mfuko wa chakula, akafuta karibu wote, kikabaki kitu kama ndizi. Nikamwambia, "Daktari, hapo tonge la ugali si litabisha hodi?" Akacheka, halafu akatumaliza. Kisu kina hatari zake. Kikifaulu, atakula kidogo kidogo na kumeza vitamini maisha yake yote, na asipobadili ulaji mwili utarudi. Asipopasuliwa nako, sukari haingoji. Eti hawezi kumchagulia. Miaka yote hiyo shuleni, anatuachia sisi.

Mume wake analalamika, "Akikonda, mutaa muzima watasema simulishi." Jirani Mama Hawa anasema watamdhania ana ule ugonjwa. Zaina akamjibu, "Basi waje wanibebee haya magoti."

Jana alikuja tukala. Unakumbuka ulivyokuwa unamsogezea samaki wa mukeke upande wake wa sinia, ukisema mtoto hajashiba? Nikakuta mkono wangu unasogeza hivyo hivyo. Mi sikuutuma. Akamtazama yule samaki, akanawa, akaniuliza, "Papa, ungekuwa mi, ungefanya nini?"

Mama Zaina, mi huyu ninayewatania hata masheikh nilishika ndevu nikawaza. Nikiwaza kisu, naona sanda. Nikiwaza kuacha, nauona mguu wako, walivyoanza kukata kidole wakapanda. Nikamwambia sijui. Akalia. Nami nikalia, ndevu zikalowa, tukawa kama watoto wawili waliopotezana na mama yao sokoni.

Wewe ungejua. Au ungejifanya unajua, ingetosha.

Haya, pumzika mke wangu, Mola akupoze. Ahadi yangu ni ndogo. Ijumaa anarudi kwa daktari kutoa jibu, nami nitakaa kando yake, mdomo nimefunga, akubali au akatae. Unajua kwangu hiyo ni ngumu kuliko kufunga Ramadhani.

Ila we muombee. Dua za kwangu nimeomba, lakini naogopa huko wamenizoea, watadhani natania.

Mumeo